Ubuyu Chini ya Mto: Uchambuzi wa Kisa cha Meno ya Mtoto Katika Ramadhani na Idi

Usuli

Kisa hiki kinamhusu mtoto wa kike wa miaka saba anayeishi na mama yake, bibi yake mzaa mama na mdogo wake wa kiume katika mji mmoja wa pwani. Majina ya watu, ya mji na ya kliniki yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa tiba yamebadilishwa. Mama ameridhia kisa kiandikwe.

Mwaka uliotangulia, usiku wa Idi pili, mtoto aliamka akilia kwa maumivu ya jino. Bibi alimtia karafuu, maumivu yakapoa, yakarudi alfajiri. Siku iliyofuata alipelekwa kung'olewa gego la utoto, akashikwa mikono na watu wawili kwa sababu ganzi haikuwa imekolea. Tangu hapo, harufu ya spiriti peke yake ilitosha kumfanya aanze kutetemeka.

Mama alikuja kwetu, kwenye kliniki ya meno, katikati ya Shaabani, wakati majirani wakiwa katika pilikapilika za vunja jungu. Hakuja kwa maumivu, alikuja kutafuta karatasi. "Dakta," alisema, "mwaka huu halua haitaingia nyumbani kwangu, na kaimati bibi yao atazipika na kuzila mwenyewe. Naomba uniandikie tu, ili watu wajue ni amri ya hospitali." Bibi, aliyekuwa amekaa pembeni huku mjukuu akiwa amejificha nyuma ya buibui lake, alijibu kwa upole kwamba mdudu wa meno katika ukoo wao hakuanza leo, kwani hata yeye meno yake yaliondoka hivyo hivyo.

Tulichokikuta kinywani

Magego mawili ya utoto, moja juu na moja chini, yalikuwa yametoboka. La chini lilikuwa limeoza sana, ingawa wakati huo halikuwa likiuma. Jambo lililotushughulisha zaidi lilikuwa nyuma ya hayo. Gego la kwanza la ukubwani, upande wa kulia chini, lilikuwa na shimo dogo la rangi ya kahawia katika mfereji wake wa kutafunia, na mwenzake wa kushoto alikuwa na doa jeupe, kavu kama chokaa, karibu na ufizi. Doa la namna hiyo ni hatua ya kwanza ya kuoza: madini yameanza kutoka katika ngozi ngumu ya jino, lakini shimo bado halijafunguka, na jino bado laweza kurudishiwa madini hayo.

Mama alipoonyeshwa gego lenye shimo aliuliza, "Hilo si litang'oka tu lenyewe?" Swali hili tunalisikia karibu kila wiki, na wanaoliuliza wana sababu. Magego ya kwanza ya ukubwani huota mtoto anapokaribia miaka sita, nyuma kabisa ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kuyapisha. Hakuna pengo wala jino lililolegea la kumshtua mzazi, kwa hiyo jino ambalo mtoto atalitegemea mpaka uzeeni hupokewa kama mgeni wa kupita, na huwa limeshaanza kuoza kabla mtu hajajua kwamba limeota.

Mswaki ulikuwepo nyumbani, ukitumika mara moja, asubuhi. Dawa ya meno ilikuwa ya karafuu, chaguo la bibi, na tulipoomba kuletewa boksi lake tuligundua kwamba haikuwa na floraidi, madini yanayokinga meno yasioze, hata kidogo.

Daftari la siku tatu

Hatukuandika ile karatasi. Tulimwomba mama aandike katika daftari, kwa siku tatu, kila kitu kinachoingia kinywani mwa mtoto isipokuwa maji, pamoja na saa kilipoanza kuliwa na saa kilipokwisha. Sehemu hii ya pili ndiyo iliyofanya kazi yote.

Siku ya pili ya daftari, kwa mfano, ilikuwa na chai ya sukari asubuhi, biskuti wakati wa mapumziko ya shule, barafu ya rangi njiani kurudi nyumbani, chai tena alasiri, uji wa sukari kabla ya kulala, na pipi mbili ambazo hazikuandikiwa saa. Halua haikuonekana hata mara moja katika siku zote tatu, wala kaimati. Palikuwa na mstari mmoja, uliojirudia kila siku, ambao mama aliuandika bila kuutilia maanani: "Ubuyu, baada ya chuo mpaka magharibi."

Tulimuuliza maana ya "mpaka magharibi". Alieleza kwamba mtoto hununua pakiti ndogo anapotoka madrasa, huiweka mfukoni, na hutia punje moja moja mdomoni huku akicheza. Mama aliruhusu jambo hilo kwa nia njema, kwa kuwa pipi ni pipi lakini ubuyu ni tunda la mti. Alichosahau ni namna ubuyu wa kununua unavyotengenezwa: mbegu zenye unga wake mchachu hupikwa katika sukari iliyochemka ikawa nzito, zikatiwa rangi, hiliki na pengine pilipili, kisha zikaachwa zikauke. Mlaji haitafuni punje ile. Huimung'unya polepole mpaka mbegu ibaki tupu, aiteme, atie nyingine. Ni sukari na uchachu kwa pamoja, vinavyokaa kinywani kwa saa mbili mpaka tatu mfululizo, siku tano kwa wiki.

Kwa nini saa ina uzito

Bakteria waliomo katika ukoga, ule utando laini unaong'ang'ania meno, hula sukari na kutoa asidi. Ndani ya dakika chache baada ya sukari kuingia, kipimo cha asidi katika ukoga (pH, ambacho hushuka asidi inapozidi) huwa chini ya 5.5, na hapo ndipo jino huanza kupoteza madini. Mate huja kuokoa kwa kuisafisha sukari, kuizimua asidi na kurudisha madini, lakini huhitaji muda wa kati ya dakika ishirini na saa nzima. Mtu akila halua vipande vitatu kwa mara moja, mate hupewa kazi moja. Akila punje moja ya ubuyu kila dakika tano kwa saa tatu, mate hayapati nafasi ya kuanza.

Haya yalithibitishwa kwa njia isiyopendeza kuisimulia. Nchini Sweden, katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, wagonjwa wa hospitali ya watu wenye ulemavu wa akili huko Vipeholm walilishwa sukari kwa mipango mbalimbali bila ridhaa yao, na wengine walipewa tofi za kunata kati ya milo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1954 yalionyesha kwamba sukari iliyoliwa pamoja na chakula iliongeza kuoza kwa kiasi kidogo, ilhali tofi za kati ya milo ziliharibu meno vibaya sana. Jaribio lile halingeruhusiwa leo, na lisiruhusiwe kamwe, lakini kila mtaalamu wa meno bado anautumia ujuzi uliotokana na meno ya watu wale.

Hii haina maana kwamba kiasi hakihesabiki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari inayoongezwa katika chakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, yaani takriban gramu 25 kwa mtu mzima, sawa na vijiko sita vya chai. Katika nyumba hii chai peke yake ilikuwa ikielekea huko. Hata hivyo tuliamua kuanza na saa, kwa sababu familia iliyoingia mwezi wa Ramadhani haiwezi kubadilisha mambo yote kwa pamoja.

Maamuzi ya kabla ya mwezi kuandama

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutopiga marufuku utamu. Mama alikuwa ameshajaribu marufuku baada ya ile Idi ya machozi, na alichopata ni mtoto aliyejifunza kula kwa jirani na kuficha. Zaidi ya hapo, marufuku yake ilikuwa imelenga kitu kisicho na kosa kubwa. Halua ya pwani, pamoja na sukari yake yote na samli yake, huliwa wageni wamekaa, kipande kimoja kimoja, kikifuatwa na vikombe vidogo vya kahawa chungu, kisha sahani ikaondolewa. Sitaki kumsikia mtu akisema nimeisifu halua kuwa ni dawa. Nasema tu kwamba ina mwanzo na ina mwisho.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutibu gego lenye shimo mara moja, bila mashine. Tulisafisha uozo kwa vifaa vya mkono na kuliziba kwa saruji ya meno iitwayo glasi ayonoma, tukaipaka pia katika mifereji ya magego mengine matatu ya ukubwani ili kuifunga. Mbinu hii ya kuziba kwa vifaa vya mkono ilianza kufanyiwa kazi Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya mahali pasipo na umeme wala mashine, na sasa inatumika duniani kote. Sisi umeme tulikuwa nao. Tuliichagua kwa sababu haina mlio, na mtoto huyu alikuwa anaogopa mlio. Alishika kioo mwenyewe kwa muda wote na hakulia.

Kwa magego ya utoto tulipendekeza kuyapaka dawa ya madini ya fedha na floraidi, ambayo husimamisha uozo na tangu 2021 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kasoro yake ni kwamba hugeuza sehemu iliyooza kuwa nyeusi kabisa. Mama alikataa, hakutaka mwanawe awe na jino jeusi katika picha za Idi. Tulikubali haraka mno, na nitalirudia jambo hili baadaye.

Uamuzi wa tatu ulihusu mswaki: dawa yenye floraidi ya kati ya sehemu 1000 na 1500 kwa milioni, kiasi cha punje ya njegere, mara mbili kwa siku, mara moja ikiwa usiku, na kutema bila kusukutua ili floraidi ibaki juu ya meno.

Ramadhani

Mtoto alikuwa anajizoeza kufunga mpaka adhuhuri. Sehemu kubwa ya ratiba ya kula ikahamia usiku: futari yenye tende, uji wa pilipili manga, kaimati na juisi ya ukwaju, kisha vitafunio vya baada ya tarawehe, kisha daku. Ubuyu wa alasiri ulikwisha wenyewe katika siku za shule, na hiyo ilikuwa faida ambayo hatukuifanyia kazi.

Tatizo lilikuwa daku. Mtoto aliamshwa saa kumi na nusu alfajiri, akala tambi za sukari na chai, akarudi kulala. Mate hupungua sana mtu anapolala, kwa hiyo sukari ya daku hukaa juu ya meno mpaka asubuhi bila msafishaji. Asubuhi mswaki haukupigwa tena, kwa kuwa bibi alishikilia kwamba dawa ya meno huharibu funga. Hatukubishana naye. Si kazi yetu kutoa fatwa, na bibi alikuwa na msingi, maana katika madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani, kupiga mswaki baada ya jua kupinduka huhesabiwa kuwa makuruhu, yaani jambo lisilopendeza, kwa aliyefunga. Tulimwomba mama amuulize mwalimu wa madrasa. Mwalimu alisema kwamba kisichomezwa hakiharibu funga, lakini aliye na shaka apige mswaki baada ya daku, kabla ya adhana ya alfajiri.

Mwalimu huyo huyo alituonyesha kosa letu. Mtoto wa miaka saba huanza kufundishwa sala. Baada ya daku hupiga mswaki kama tulivyoagiza, anatema bila kusukutua kama tulivyoagiza, kisha anakwenda kutia udhu na kusukutua mara tatu. Floraidi yote inaingia katika ndoo. Katika miaka yetu ya kutoa ushauri ule, hakuna hata mmoja wetu aliyeliona jambo hilo, ingawa wengi wetu hutia udhu kila siku. Dawa yake ilikuwa rahisi: udhu kwanza, mswaki baadaye, kwa kuwa mswaki hautengui udhu.

Mpango huo ulidumu usiku tisa. Usiku wa kumi mtoto alilala mezani kijiko kikiwa mkononi, na mama, ambaye naye alikuwa amepika tangu alasiri, hakuwa na nguvu ya kumbeba mpaka msalani. Alipotupigia simu alizungumza kana kwamba amefanya kosa la jinai. Tulibadilisha mpango badala ya kumhimiza: utamu wote uhamie kwenye futari, ambapo mtoto yuko macho na mate yanafanya kazi, daku iwe wali kwa maharage au mkate na yai, na maji, mswaki wa lazima uwe ule wa baada ya tarawehe, na wa daku uwe wa akiweza. Bibi alinung'unika kwamba daku bila tambi si daku. Baada ya siku mbili alizihamishia tambi zake kwenye futari bila kusema neno.

Siku nne za Idi

Mkono wa Idi ni haki ya mtoto, na fedha ile ni yake. Kwa hiyo tulifanya mapatano na yeye mwenyewe, si na mama. Nyumbani angekula halua, visheti na keki baada ya chakula cha mchana, kwa mara moja. Jioni, kwenye viwanja vya sikukuu, angenunua atakacho, lakini angekila hapo hapo na kukimaliza kabla ya kurudi. Hakuna kitakachovuka mlango wa nyumba kikiwa mfukoni. Alirudia sharti la mwisho kwa sauti, akicheka.

Idi mosi ilikwenda kama ilivyopangwa. Idi pili shangazi alikuja na mfuko wa zawadi, na asubuhi ya Idi tatu mama alipotandika kitanda alikuta pakiti ya ubuyu chini ya mto, imebaki punje nne, na foronya imeingia rangi nyekundu. Mbegu zilizomung'unywa zilikuwa zimepangwa kwa safu nyuma ya kitanda. Mtoto alijitetea kwamba hakuvuka mlango na kitu chochote. Shangazi ndiye aliyeingia nacho. Kwa maneno ya mapatano yetu, alikuwa na hoja.

Matokeo

Miezi minne baadaye, saruji iliyoziba gego la kulia ilikuwa nzima. Doa jeupe la kushoto lilikuwa limekuwa gumu na linang'aa, ishara kwamba uozo umesimama. Mifereji iliyofungwa ilikuwa salama katika magego mawili, na katika moja saruji ilikuwa imemeguka, tukairudishia. Gego la utoto la chini liliuma wiki ya tatu baada ya Idi na ilibidi ling'olewe, safari hii kwa ganzi iliyosubiriwa. Ubuyu umerudi baada ya chuo, lakini huliwa nyumbani kwenye kibakuli, na kibakuli huondolewa chakula kinapokwisha kuliwa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni safu ya saa katika daftari. Mzazi akiulizwa mwanawe anakula nini, hutaja vitu anavyovionea aibu, na huko pwani aibu hiyo imewekwa juu ya halua na kaimati, kwa sababu ndivyo vinavyoonekana mezani. Vitu vya mfukoni havina meza. Bila saa, tungeandika ile karatasi, mama angeitundika ukutani, na ubuyu ungeendelea.

Kuhusu jino lililong'olewa, nalichukua kosa hilo kuwa langu. Mama alikataa dawa inayotia weusi akifikiria picha za Idi, nami nikasema sawa. Sikuchukua kioo kumwonyesha kwamba gego lile haliwezi kuonekana hata mtoto akicheka kwa mdomo wote. Kuheshimu uamuzi wa mzazi ni jambo moja. Kumwacha aamue juu ya kitu asichokiona ni jambo jingine, na wakati ule nilijiridhisha kwamba yote mawili ni heshima.

Kosa la pili lilikuwa la kliniki nzima. Karatasi ya ushauri wa sikukuu tuliyokuwa tukiigawa ilitaja chokoleti, peremende na keki za krimu. Hapakuwa na ubuyu, kashata, kaimati, tende, juisi ya ukwaju wala barafu za rangi. Ilionya dhidi ya sikukuu ya watu wengine. Pia haikusema kwamba baada ya vitu vichachu kama ubuyu na ukwaju ni vizuri kusubiri kama nusu saa kabla ya kupiga mswaki, kwa kuwa uso wa jino unakuwa umelainishwa na asidi. Karatasi mpya imeandikwa tukiwa na mwalimu wa madrasa na bibi wawili, mmoja akiwa huyu wa kisa hiki, na suala la udhu limo katika mstari wa pili.

Mapatano na mtoto yalifeli kwa sababu yalimfunga yeye peke yake, ilhali zawadi za Idi huletwa na watu wazima. Yangepaswa kumfikia shangazi kabla ya Idi, na aliyefaa kumfikishia ni bibi, ambaye neno lake katika ukoo halipingwi.

Mdogo wake ametimiza miaka mitano. Mama amemfungulia daftari lake, na mstari wa kwanza ni uji wa sukari wa saa tatu usiku, akiwa tayari kitandani.